Kabla bahasha ya posa haijapanda mlimani

Mapenzi yenyewe huku Moshi Vijijini, chini ya Mlima Kilimanjaro, hayana taabu. Vijana wanakutana kwenye kwaya, kwenye soko la Himo, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na zaidi ya hapo wanakutana kazini. Msimu wa kuchuma kahawa familia za juu huita vibarua, na kiangazi mabua ya mahindi hupandishwa kutoka tambarare kwenda kulisha ng'ombe wa ndani. Anayeshusha mabua kwenye gari na anayeyapokea wana umri mmoja. Mengine yanajiendea.

Taabu huanza posa kati ya familia ya mlimani yenye ardhi na ya tambarare isiyo nayo ikifika kwa wazee. Binti ana kihamba kwao, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kijana anakodi jaruba la mpunga Mabogini, bondeni. Au kijana ni wa Kibosho, juu mlimani, na binti ni mtoto wa mkata miwa aliyekulia kambini TPC, shamba kubwa la miwa huko chini. Hapo utasikia maneno ya "kyasaka", jina la kumbeza asiye Mchagga, utasikia shangazi amepandisha presha, na wapenzi wenyewe watadhani wanachukiwa. Mara nyingi hawachukiwi. Wazee wana maswali mahususi ambayo hakuna aliyewajibu, na karibu yote yanahusu ardhi.

Utajiri wa huku usiupime kwa fedha iliyoko mfukoni. Chukua kihamba chenye miti 200 ya kahawa. Mti usiotunzwa vizuri, wa zamani, ukikupa nusu kilo ya kahawa safi kwa mwaka umeshukuru. Hiyo ni kilo 100, na ili uzipate umechuma kwa mkono kama kilo 600 za matunda mekundu, maana kilo sita za matunda ndizo hutoa takriban kilo moja safi. Toa dawa, toa vibarua, toa makato ya chama cha msingi cha ushirika. Sasa shuka bondeni. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987, uligawa mashamba katika ploti za mita 30 kwa 100. Maji ya mto Rau na Njoro yakifika kwa wakati, ploti moja inaweza kutoa magunia 15 hadi 20 ya mpunga kwa msimu. Aliyekodi anatoa kodi, mbolea na gharama ya kuburuga, yaani kuvuruga tope la jaruba, na bado kuna miaka anabaki na fedha nyingi kuliko baba mkwe wake mtarajiwa. Lakini baba mkwe ana mahali alipozikwa babu yake. Aliyekodi ana mkataba wa msimu mmoja, tena wa mdomo.

Halafu kuna jambo ambalo wenye kihamba hawapendi kulisema mbele ya wageni. Kwa mila ya Kichagga mtoto wa kwanza wa kiume hupewa eneo lake, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba. Wa katikati zamani walikwenda kufungua kihamba kipya. Leo hakuna mahali pa kufungua. Vihamba vingi havifiki hata hekta moja, vimegawanywa mara tatu au nne. Kwa hiyo yule mtoto wa tatu wa familia yenye jina, anayemkataza dada yake asiolewe na "mtu wa kupanga", mara nyingi naye amepanga Dar es Salaam au Majengo, na akirudi Desemba analala chumba cha wageni kwa mdogo wake. Ukilijua hili hutaingia kikaoni umeinamisha kichwa.

Basi kazi ya kwanza ni ya wapenzi wenyewe, kabla mshenga hajatumwa. Waelewane wapi wataishi miaka mitano ya mwanzo, nyumba itajengwa kwenye ardhi ya nani, na nani atawatunza wazee wa upande upi. Wajibu kwa maneno kamili. "Mungu atajalia" si jibu la kumpelekea mzee wa ukoo. Kijana wa chini akiweza kununua hata robo ekari kijijini, mahali popote, iwe Kahe au Mabogini, na akaandikishiwa mbele ya mtendaji wa kijiji, ameondoa nusu ya pingamizi kabla halijatamkwa. Fedha hiyo hiyo ikiliwa kwenye ukumbi wa harusi haimsaidii chochote.

Mshenga achaguliwe kwa akili. Kosa ninaloliona likirudiwa ni la kijana asiye na uwezo kumwomba bosi wake, mwenye mashine ya mpunga au mwenye lori, aende kumwombea. Anadhani anajipandishia hadhi. Kinachotokea ni kwamba upande wa binti wanapanga mahari kwa kuangalia gari lililoegeshwa nje, na baadaye bosi anakuwa na mkono ndani ya ndoa hiyo kwa miaka. Mshenga mzuri ni mtu ambaye familia ya binti tayari inamheshimu: mzee wa kanisa wa jumuiya yao, mwalimu mstaafu, jirani aliyeoa kwenye ukoo huo. Awe anajua kunyamaza. Awe anakunywa kidogo.

Na wakati. Usipeleke posa kati ya Machi na Mei. Masika barabara za juu zinateleza, watu wako shambani, fedha imekwisha kwenye mbegu, na mwenye njaa hukasirika upesi. Septemba na Oktoba ni bora zaidi: mahindi ya tambarare yameshavunwa, kahawa imeanza kuingia na malipo ya awali ya chama yanapatikana. Desemba ndugu wote wako nyumbani, jambo ambalo vijana hulipenda. Mimi silipendi. Ndugu kumi na wawili kutoka mjini, kila mmoja na maoni yake, wanaweza kuvunja kwa siku moja kile ambacho wazazi walikuwa wamekikubali.

Siku yenyewe ina utaratibu wake. Washenga wawili au watatu wanafika na barua ndani ya bahasha, imefungwa kwenye kitambaa safi pamoja na fedha ya kufungulia barua. Wanagonga, wanaambiwa wangoje. Wakikanyaga mkeka na viatu ni faini. Wakichelewa ni faini. Wakianza kusema kabla ya kuruhusiwa, faini. Ni mchezo, na ni mtihani pia: wanaangalia kama watu hawa wana uvumilivu. Washenga wabebe noti ndogo ndogo bahasha ya pembeni, zisizozidi sehemu ya kumi ya walichokuja nacho, na wazitoe wakicheka. Anayeanza kubishana juu ya faini ya shilingi elfu tano amejitambulisha vibaya kwa jambo dogo kabisa.

Kisha mzee mmoja, kwa kawaida baba mkubwa, atakohoa na kuuliza:

"Mzee mwenzangu, huyu kijana wenu nyumbani kwao ni wapi?"

"Anaishi Mabogini, mzee."

"Sijauliza anakoishi."

Hapa posa nyingi hukwama, kwa sababu mshenga hakuandaliwa. Jibu liwe na jina la kijiji cha babu yake, hata kama ni Kondoa au Singida, jina la ukoo, baba yake alifika lini na kwa kazi gani, nani wa kanisa au msikiti anayemfahamu, na ana nini kwa jina lake mwenyewe. Baba mkubwa anataka kujua kama binti yao akifiwa au akiugua, kuna mlango wa kubisha. Aliyekodi mwenye watu wanaojulikana ana hadhi. Mwenye ekari tatu ambaye hakuna anayemjua ana kazi kubwa zaidi.

Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, nayo isichukuliwe kirahisi na upande usio wa Kichagga. Ikidaiwa kwenye orodha ya mahari, usinunue ya kilabuni asubuhi ya safari ukaimimina kwenye madumu. Ndizi mbivu huchemshwa mpaka ziwe na rangi nyekundu ya udongo, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikakamuliwa na kuchujwa. Upande mwingine ulezi uliooteshwa na kukaushwa husagwa, ukapikwa uji, ukachanganywa na lile togwa la ndizi pamoja na maji ya gome la msesewa, ambalo ndilo hutoa ule uchungu. Ikilala usiku mmoja inanywewa kesho yake. Kazi yote inakaribia wiki. Ikifika mapema ni tamu kama ya watoto, ikichelewa siku mbili ni siki, na ulezi ulioingia ukungu huharibu pipa zima. Wazee wataonja, watatazamana, na hakuna atakayesema neno. Mpe kazi mama wa huko huko juu anayepika kila wiki, mlipe nusu mwanzoni, umwambie siku na saa ya kunywewa. Kama familia ni ya walokole au Waislamu, soda zinatosha, lakini ulizia mapema.

Mahari huandikwa kwenye karatasi. Rombo si Machame, kila ukoo una orodha yake, ila mara nyingi utakuta blanketi la bibi, mbuzi wa mjomba, mkaja wa mama, kitu cha baba, na ng'ombe ambao siku hizi huhesabiwa kwa fedha. Familia ya chini isiogope orodha ndefu. Orodha ndefu ni mwanzo wa mazungumzo. Uliza kipi ni cha heshima kisichopungua na kipi ni cha fedha kinachoweza kulipwa kidogo kidogo. Blanketi la bibi lipelekwe siku ile ile, tena zito, lisiwe la mnadani. Bibi akijifunika nalo jioni hiyo umepata wakili ndani ya nyumba.

Kisheria, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi katika kifungu cha 41 kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa. Vijana wengi hawajui, na baadhi ya wazazi hawapendi wajue. Sisemi mtu asilipe. Nasema asiuze pampu ya maji au akakopa kwa riba ya mtaani ili amalize yote kabla ya harusi. Kiasi kilicholipwa kiandikwe, tarehe, majina na sahihi za pande mbili. Uchumba ukivunjika, kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa, na bila karatasi hutakuwa na la kuonyesha.

Upande wa pili wa jambo hili huzungumzwa kidogo. Binti wa kambini akiolewa juu, hatari ni mahari kutajwa ndogo mno. Familia ya kijana husema "hawa hawana mambo mengi", wanapeleka robo ya walichompelekea mkwe wao wa kwanza, na wazazi wa binti kwa aibu wanapokea. Baada ya hapo mkamwana huyo anahesabiwa kama kibarua aliyepewa chumba. Ataamka kukata majani ya ng'ombe, atachuma kahawa, na fedha ya kahawa itapita mbele yake kwenda kwa mkwe. Wazazi maskini wasitake nyingi kuliko ukoo ulivyozoea, ila wasikubali chini ya ilivyozoea. Na wadai jambo moja lisilo la fedha: binti aonyeshwe sehemu yake mwenyewe ya migomba, atakayokata na kuuza mkungu bila kuomba ruhusa. Mama mkwe mwenye busara hufanya hivyo mwaka wa kwanza. Asiye na busara husubiri mpaka mjukuu wa tatu.

Wakikataliwa kabisa, wengi huchukuana tu. Binti anahama usiku na begi, asubuhi simu zinalia. Kama wote wamefikisha miaka 18, hakuna mzazi mwenye nguvu ya kisheria ya kuwatenganisha, na umaskini si miongoni mwa vizuizi vya ndoa. Chini ya umri huo ni jambo jingine: Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba 2019 ilithibitisha kwamba vifungu vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba, kwa hiyo hakuna posa hapo wala faini ya wazee. Kwa wakubwa, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wamefunga ndoa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usiitegemee. Inakuweka kwenye kuthibitisha, na kuthibitisha kunataka mashahidi, ambao ni wale wale waliokasirika. Afadhali kupeleka taarifa ya siku 21 kwa mchungaji, padri, shehe au ofisi ya mkuu wa wilaya na kufunga ndoa yenye cheti.

Amani na wazazi ifuate haraka, kabla mtoto hajazaliwa ikiwezekana. Huku njia inajulikana: mzee wa upande wa kijana anakwenda na jani la isale, mmea ambao kwa Wachagga ni alama ya kuomba msamaha. Anayepelekewa isale kuombwa msamaha huona vibaya kulikataa, hata akiwa na hasira ya kweli. Lakini isale halifungui mlango wa mjadala siku hiyo. Unaomba msamaha, unakaa kidogo, unaondoka. Mahari inazungumzwa safari nyingine. Waliopeleka isale na orodha ya malalamiko kwa pamoja wamerudishwa na vyote viwili.

Sasa wapi wataishi. Nimeshasema kijana anunue robo ekari yake. Asipoweza, zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kujenga kwenye kihamba cha wakwe, upande wa binti. Watu watasema "ameolewa", na atasikia hilo kilabuni kwa miaka. Kelele hizo zitapita. Kinachobaki ni nyumba ya tofali juu ya ardhi isiyo na jina lake. Baba mkwe akifariki, wale shemeji wa katikati wasio na ardhi watarudi, na watasema walimkaribisha mgeni tu. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa humzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini hakikusaidii dhidi ya ukoo wenye ardhi.

Kwa hiyo kabla ya msingi kuchimbwa, kiitwe kikao cha familia baba akiwa hai na mwenye akili timamu. Eneo lipimwe kwa futi ya kamba, si kwa hatua, kwa sababu hatua za mzee wa miaka 75 na za kijana wa 30 hazilingani. Masale yapandwe kwenye mpaka siku hiyo hiyo, mbele ya majirani wa pande zote. Muhtasari uandikwe: nani alikuwepo, urefu na upana, njia ya kupita na mfereji vinabaki kwa nani, kahawa iliyomo ni ya nani. Kahawa husahaulika, halafu miti 30 inaleta ugomvi wa miaka kumi. Watoto wote wa baba watie sahihi, wa kike pia. Aliye mbali apigiwe simu na apelekewe nakala. Kisha mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Baadaye, kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na masjala, waombe hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa majina ya wote wawili. Sheria hiyo hiyo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke, kwa hiyo baba anaweza kabisa kumpa binti yake sehemu. Wengi hawatoi kwa kuwa hakuna aliyewaomba kwa heshima.

Njia ya pili ni kupanga chini na kusubiri. Inafaa miaka miwili mitatu, mradi mkataba wa jaruba uandikwe na uonyeshe misimu mingapi. Mwenye ploti akiona mpunga umestawi huongeza kodi katikati.

Harusi nitaigusa tu. Sendofu ni ya upande wa binti, harusi ni ya upande wa kijana. Usiruhusu kamati ya juu ipangie ya chini. Kamati itumie fedha iliyopokelewa hadi wiki mbili kabla, na ahadi za kwenye grupu la WhatsApp zisihesabiwe kabisa.

Baada ya hapo ni kuishi. Mwanamke wa mpunga akipewa migomba anahitaji mtu wa kumfundisha bila kejeli: kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu, machipukizi mengine yang'olewe, majani makavu yakatwe, samadi iwekwe mbali kidogo na shina. Mwanamume wa majarubani akifika juu atadharauliwa kwa kupogolea kahawa vibaya msimu wa kwanza, kisha atawashangaza kwenye mfereji, kwa sababu anajua maji kuliko wao. Apewe zamu ya mfereji mapema. Ni kazi inayoonekana na kila mtu, na jina la mtu hujengwa hapo.

Liko pia suala la kuzikwa, ambalo vijana huliona mbali. Huku mtu huzikwa kihambani kwake. Mkwe aliyetoka mbali, asiye na ardhi hapa, akifariki ghafla, ndani ya siku mbili ukoo mmoja utataka asafirishwe Singida na mwingine utasema gharama ni ya nani. Liandikwe kwenye wosia, au liingizwe kwenye ule muhtasari wa kikao cha familia: pembe gani ya eneo ni ya makaburi, na kwamba wote wawili wana haki ya kuzikwa hapo. Sentensi moja inatosha. Nakala nne: ya baba, ya wanandoa, ya ofisi ya kijiji, na moja kwa mshenga.